Ndege Ikizama, Habari Zake Zizame Nayo?

Muda mfupi baada ya saa 6 usiku, Mei 5, 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Cameroon, kuelekea Nairobi. Mvua ilikuwa inanyesha na radi zinapiga. Ndege haikumaliza hata dakika mbili hewani. Watu wote 114 waliokuwamo walikufa, na kwa zaidi ya saa 40 hakuna aliyejua walipo. Msako ulielekezwa kusini-mashariki, upande wa Lolodorf, zaidi ya kilomita 100 kutoka uwanjani. Jioni ya Mei 6 mabaki yakaonekana kwenye kinamasi cha mikoko karibu na kijiji cha Mbanga Pongo, kilomita 5 na ushee kutoka mwisho wa njia ya kurukia.

Ndege yenyewe ilikuwa mpya, haijatimiza mwaka tangu itoke kiwandani. Vinasa vyake vilikuwa vimeandika jinsi ilivyolalia bawa la kulia pole pole bila marubani kutambua, na jinsi nahodha alivyohangaika na usukani mwishoni. Maelezo yote ya kilichotokea yalikuwapo tayari. Ila yalikuwa yamefungiwa ndani ya kitu kilekile kinachotafutwa.

Leo abiria aliyeketi ndani ya Boeing 777 ya Qatar Airways yenye intaneti ya Starlink anaweza kutazama mechi ya Ligi Kuu ya England mubashara akiwa juu ya Bahari ya Hindi, na kubishana na nduguye kwa WhatsApp kuhusu penalti kabla ya mapumziko. Mkiani mwa ndege hiyohiyo kuna kinasa kinachoandika kimo, mwendo, hali ya injini na kila mguso wa usukani, na ndege ikianguka sharti watu wakatafute kinasa hicho kwa meli, kwa roboti au kwa majembe. Kwa nini data hizo zisirushwe ardhini palepale zinapoandikwa? Jibu lililozoeleka, kwamba teknolojia haijafika au gharama haibebeki, limepitwa na wakati. Ugomvi uliobaki ni juu ya mikono: data zikishafika ardhini, azishike nani, na nani aruhusiwe kuzifungua. Hilo ndilo ambalo mikutano mingi ya usafiri wa anga hulizunguka bila kuligusa.

Kisanduku cheusi, ambacho kwa kweli hupakwa rangi ya chungwa iliyokolea ili kionekane kwenye matope na majani, kilibuniwa na mkemia wa Australia, David Warren. Baba yake alikufa mwaka 1934 katika ndege iitwayo Miss Hobart, iliyopotelea kwenye mlangobahari wa Bass. Miaka 20 baadaye, wataalamu walipokuwa wanaumiza vichwa juu ya ndege za abiria aina ya Comet zilizokuwa zikikatika hewani, Warren aliandika pendekezo la kuweka chombo cha kunasa sauti za marubani na vipimo vya ndege. Nyumbani hakikupokewa vizuri. Marubani walikiona ni jasusi wa mwajiri. Waingereza ndio waliokichangamkia kwanza, na Australia ikaja kukifanya cha lazima baada ya ajali ya Fokker Friendship huko Mackay, Queensland, mwaka 1960. Hofu ile ya marubani haikufa, na itarudi mbele katika habari hii.

Kifaa kilichotokana na wazo hilo ni cha ajabu kwa ustahimilivu. Viwango vya sasa vinakitaka kivumilie kishindo cha mara 3,400 ya nguvu ya mvutano wa dunia, moto wa nyuzi 1,100 za Selsiasi kwa saa nzima, na mgandamizo wa maji wa mita 6,000 chini ya bahari. Ngao yote hiyo ya chuma na vizuia joto inalinda vipande vya kumbukumbu vinavyoenea kwenye kiganja cha mkono. Kikitolewa baharini hakiachwi kikauke, maana hewa na chumvi vikikutana juu ya saketi huanza kuzila. Husafirishwa kikiwa ndani ya chombo kilichojaa maji, hadi maabara. Huko fundi hukata ganda, hubandua vizuia joto kidogo kidogo, huosha bodi ya kumbukumbu kwa maji safi, huikausha kwenye tanuri la joto dogo, kisha huikagua kwa hadubini mguu kwa mguu wa kila chipu kabla ya kuthubutu kuipitishia umeme. Kosa moja hapo, na kilichonusurika baharini kinaunguzwa mezani.

Ni kazi ya heshima na inafanywa kwa ustadi mkubwa. Lakini inaanza pale tu kisanduku kinapopatikana.

Airbus A330 ya Air France, safari namba 447 kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris, ilianguka katika Atlantiki Juni 1, 2009 ikiwa na watu 228. Hii ndiyo ajali iliyougeuza mjadala, kwa sababu ndege hiyo haikunyamaza kabisa. Katika dakika tano hivi za mwisho, mfumo wa ujumbe mfupi uitwao ACARS, ambao kazi yake ni kuwaarifu mafundi wa shirika mambo ya matengenezo, ulituma kupitia setilaiti ujumbe 24. Haikuwa sauti ya rubani wala mchoro wa ndege ilivyoanguka. Zilikuwa taarifa kavu za hitilafu: rubani wa kujiendesha amejizima, vipimo vya mwendo havikubaliani, mfumo fulani umeshuka daraja.

Taarifa hizo chache zilifanya kazi kubwa. Wachunguzi wa Ufaransa, BEA, walizisoma na kuona dalili ya mirija ya kupimia mwendo kuziba kwa barafu. Kabla ya majira ya joto ya mwaka uleule kwisha, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilikuwa imeamuru mirija ya aina iliyokuwamo katika ndege ile ibadilishwe kwenye A330 na A340. Visanduku vilikuwa bado vimelala chini ya bahari, na vingeendelea kulala karibu miaka miwili zaidi.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba ujumbe ule haukujua mahali. Nafasi ya ndege ilikuwa inatumwa kila baada ya dakika 10 hivi, na ndani ya dakika 10 ndege ya namna hiyo inaweza kuwa popote katika duara la nusu kipenyo cha kilomita 74, yaani eneo la kilomita za mraba 17,000 za bahari yenye milima chini yake. Msako ulikwenda kwa awamu nne na kugharimu zaidi ya yuro milioni 30. Aprili 2011, roboti za taasisi ya Woods Hole ya Marekani ziliyakuta mabaki katika kina cha mita 3,900, maili za baharini 6 na nusu tu kutoka nafasi ya mwisho iliyotumwa. Mwanzoni mwa Mei vinasa vyote viwili vikapandishwa juu, vyote vinasomeka.

Na hapo ikaonekana ni kitu gani ujumbe 24 usingeweza kukisema kamwe. Barafu ilikuwa imeziba mirija kwa chini ya dakika moja tu. Kilichoiua ndege ni kwamba pua yake iliinuliwa na rubani, mabawa yakapoteza uwezo wa kuibeba, na marubani watatu hawakuutambua mporomoko huo kwa muda wa dakika tatu na nusu hadi majini. Kwa miaka miwili ulimwengu uliamini kwamba tatizo ni mirija. Lilikuwa mirija pamoja na mafunzo, na sehemu ya pili ilichelewa kufahamika kwa sababu data zenyewe zilikuwa chini ya maji.

Je, ingewezekana kuzirusha? Mahesabu yake si magumu. Kinasa cha ndege ya kisasa huandika maneno 1,024 kwa sekunde, kila neno biti 12. Hiyo ni biti 12,288 kwa sekunde, au megabaiti 5 na nusu kwa saa. Safari nzima ya saa 8 kutoka Nairobi hadi London inatoa megabaiti 45 hivi. Video ya harusi inayozungushwa kwenye kundi la ukoo ni nzito kuliko hapo.

Kwa setilaiti za kale mzigo huo ulikuwa hauingii. Simu za kwanza za Iridium zilipitisha kilobiti 2.4 tu kwa sekunde, na kila baiti iliuzwa kama dhahabu. Huduma ya sasa ya kampuni hiyohiyo inafika kilobiti 700, na mitandao inayowahudumia abiria ni mipana zaidi ya hapo kwa mbali. Kampuni ya FLYHT ya Calgary, Kanada, ilikuwa inauza kifaa cha kurusha data za kinasa muda mrefu kabla ya ndege MH370 ya Malaysia Airlines kutoweka mwaka 2014, na baadaye Honeywell na Curtiss-Wright wakatangaza kinasa kinachounganishwa na mtandao moja kwa moja.

Wala si lazima kurusha kila kitu muda wote. Kundi la kazi lililoundwa na BEA baada ya ajali ya Atlantiki lilipendekeza njia ya kiuchumi: programu ndani ya ndege iangalie dalili za hatari, kama kulala bawa kupita kiasi, onyo la mabawa kuishiwa nguvu, kushuka kwa kasi isiyo ya kawaida au injini zote kuzimika, na ikiziona ianze kufyatua data na mahali ilipo. Waliijaribu kanuni hiyo kwa kutumia rekodi za ajali halisi na za safari za kawaida, na mwaka 2011 wakahitimisha kwamba inawezekana. Miaka mitatu baadaye ikaja ajali iliyowaumbua wote waliokuwa wanasema tusubiri.

Machi 8, 2014, Boeing 777 ya Malaysia Airlines, safari MH370, ilitoweka na watu 239. ACARS yake ilinyamaza mapema. Kilichobaki ni salamu tupu za kila saa kati ya ndege na setilaiti ya Inmarsat, zisizobeba chochote zaidi ya kusema niko hewani, na wahandisi wakalazimika kukisia njia ya ndege kutokana na muda wa salamu hizo kwenda na kurudi. Kilomita za mraba 120,000 za sakafu ya bahari zilisakwa hadi Januari 2017 bila mafanikio, na kampuni ya Ocean Infinity ikaongeza eneo linalokaribia hilo mwaka 2018. Mwaka 2025 serikali ya Malaysia iliipa kampuni hiyo mkataba mwingine wa dola milioni 70, malipo yakitolewa tu ikiipata.

Bahari ilianza kuleta majibu yenyewe, na baadhi yake iliyaleta huku kwetu. Kipande cha bawa kiliokotwa Réunion mwaka 2015. Juni 2016 kipande kikubwa zaidi kikakutwa kisiwani Pemba. Kilipelekwa Australia, na Septemba wachunguzi wakathibitisha kwa namba na mihuri ya kiwandani kuwa ni sehemu ya nyuma ya bawa la kulia la ndege ile. Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska na Mauritius nao waliokota vipande. Miaka zaidi ya miwili baada ya ajali, mkondo wa bahari ulikuwa umetoa ushahidi unaoshikika kuliko mfumo wowote wa mawasiliano wa ndege iliyouzwa kwa mamia ya mamilioni ya dola. Betri ya kifaa cha mlio wa kuongoza msako majini, kilichounganishwa na kinasa chake cha data, kwa taarifa tu, ilikuwa imekwisha muda wake tangu Desemba 2012.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliamka. Tangu Novemba 2018 ndege kubwa zikiwa juu ya bahari hutakiwa kufuatiliwa kila baada ya dakika 15. Ndege mpya zenye uzito wa juu ya kilo 27,000 zinatakiwa ziwe na mfumo wa dharura unaotuma mahali zilipo walau kila dakika pindi hatari inapogunduliwa, bila rubani kugusa kitu na bila rubani kuweza kuuzima. Dakika moja haikuokotwa tu: uchunguzi wa ajali zilizopita ulionyesha kwamba, kwa sehemu kubwa kabisa, mabaki hukutwa ndani ya maili 6 za baharini kutoka mahali ndege ilipokuwa dakika moja kabla. Baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja, sharti hilo lilianza kutumika Januari 1, 2025. Kuhusu data zenyewe, ICAO ilisema tu kwamba miundo mipya ya ndege itakayoombewa cheti kuanzia 2021 iwe na njia ya kuzipata kwa wakati. Kisanduku kinachochomoka na kuelea kinakubalika. Kurusha kwa setilaiti kunakubalika pia.

Sharti hilo ni dhaifu kuliko linavyosikika. Miundo mipya ya ndege haizaliwi kila mwaka. Boeing 737 za leo ni uzao wa cheti cha miaka ya 1960.

Ajali inayoonyesha vizuri zaidi thamani ya data zinazowahi iliwagusa Wakenya kuliko taifa lingine lolote. Machi 10, 2019, Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines ilianguka karibu na Bishoftu, dakika sita baada ya kuruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Walikufa watu 157, 32 kati yao Wakenya. Miezi minne na ushee nyuma, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na watu 189. China, Ulaya na wengine wengi walizizuia MAX ndani ya siku mbili. Marekani na Kanada waligoma: walitaka data.

Data zilikuja, lakini si kutoka kisandukuni. Kampuni ya Aireon ilikuwa imeweka vipokezi kwenye setilaiti mpya za Iridium, vinavyodaka matangazo ya nafasi na kimo ambayo kila ndege ya kisasa huyatoa. Mstari wa kupanda na kushuka kwa ndege ya Ethiopia ulipowekwa kando ya ule wa Lion Air, ulifanana kiasi cha kutisha. Machi 13 waziri wa usafiri wa Kanada, Marc Garneau, ambaye kabla ya siasa alikuwa mwanaanga, alizifunga MAX akitaja data za setilaiti. Saa chache baadaye Marekani ikafuata, ikitaja data hizo pamoja na ushahidi uliookotwa eneo la ajali. Wakati huo visanduku vilikuwa bado vinatafutiwa maabara: Ujerumani ilisema haina programu ya kuvisoma, vikapelekwa Paris. Kila siku iliyookolewa pale ingekuwa na ndege nyingi hewani zenye kasoro iliyoziangusha zile mbili.

Anayedai kwamba data za haraka hazimsaidii aliyekwisha kufa yuko sahihi kwa aliyekufa. Zinamsaidia abiria wa kesho asubuhi.

Turudi kwenye mikono. Januari 8, 2020, kikosi cha Iran kiliitungua kwa makombora Boeing ya Ukraine International Airlines ilipotoka Tehran, watu 176 wakauawa. Hakuna aliyehitaji kuzamia bahari. Mabaki yalikuwa mtaani, vinasa vikiwa mikononi mwa serikali ileile ambayo askari wake walifyatua. Kwa siku tatu Iran ilikana. Vinasa vilisomwa Paris Julai, nusu mwaka baadaye. Wapo waliokumbuka Septemba 1983, pale Urusi ya Kisovieti ilipoiangusha ndege ya Korean Air namba 007 na watu 269. Wasovieti walivipata visanduku wakavificha, huku meli za nchi nyingine zikivitafuta baharini. Ni Boris Yeltsin aliyekiri mwaka 1992, na kanda zikafika ICAO mwanzoni mwa 1993.

Katika ajali hizo mbili umbali na kina vilikuwa tatizo dogo. Tatizo kubwa lilikuwa aliyekishika kisanduku. Nakala iliyokwisha kuruka kwenda kwingine kabla ndege haijagusa ardhi ingewanyima wenye bunduki anasa ya kusubiri. Hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote za kurusha data, na ndiyo sababu serikali kadhaa haziipendi sana ingawa hazisemi.

Lakini nakala nayo hutua mahali. Kwa mpangilio wa kibiashara ulivyo sasa, data za ndege huenda kwa shirika, kwa mtengenezaji wa ndege na kwa mtengenezaji wa injini. Injini za Rolls-Royce za ile ndege ya Malaysia zilikuwa zimetuma taarifa zao kabla ACARS haijanyamaza. Wenye injini walikuwa na habari kidogo, familia hazikuwa na kitu. Kanuni za ICAO za uchunguzi wa ajali zinaipa uongozi nchi ambamo ajali imetokea. Zilitungwa zama ambapo ushahidi ulikuwa kitu cha kubeba kwa mikono, kikianguka Cameroon kiko Cameroon. Ushahidi ukiwa ndani ya seva iliyoko bara jingine, chini ya mkataba wa huduma kati ya shirika na kampuni binafsi, mchunguzi wa Kiafrika anaweza kujikuta wa mwisho kwenye foleni, akiomba nakala kwa wale anaopaswa kuwachunguza. Nani amehakikisha hapo kwamba hazijaguswa?

Suluhisho la kiufundi lipo. Data zifungwe kwa msimbo ndani ya ndege kabla ya kurushwa, na ufunguo ugawanywe, sehemu kwa mamlaka ya uchunguzi ya nchi ilikosajiliwa ndege na sehemu kwa chombo cha kimataifa, hivyo kwamba mwenye seva anahifadhi asichoweza kukisoma. Ni jambo la kuandikwa kwenye kanuni. Hata hivyo ufunguo haumlazimishi mtu kusema. Boeing 737-800 ya China Eastern iliporomoka Machi 2022 na watu 132. Vinasa vyote viwili vilipatikana ndani ya wiki moja na kupelekwa Washington. Miaka mitatu ilitimia bila ripoti ya mwisho kutolewa.

Sauti ni suala la pekee, na hapa marubani wana haki ya kukaza. Vipimo vya injini havina aibu. Mazungumzo ya watu wawili kazini kwa saa 8 yana mambo ya nyumbani, masengenyo ya mabosi, na wakati mwingine maneno ya mwisho ya mtu anayejua anakufa. Wenye kuwaza kwamba sauti hizo zirushwe muda wote wajiulize zingekaa siku ngapi kabla ya kuvuja TikTok. Njia ya kati ni sauti ianze kurushwa baada ya dalili ya hatari tu, iliyofungwa, na ifutwe ndege ikitua salama. Wakati huohuo kinasa cha ndani kiongezewe muda. Januari 2024 mlango bandia wa Boeing ya Alaska Airlines ulichomoka angani juu ya Oregon, na sauti za tukio zikafutika kwa sababu kinasa kilikuwa cha saa 2 na hakuna aliyekizima kwa wakati baada ya kutua. Saa 25 zilikwisha kuwa kiwango cha ICAO kwa ndege kubwa zilizotengenezwa kuanzia 2021. Marekani ilikifikia kwa sheria ya Mei 2024, baada ya aibu hiyo.

Kurusha data nako kuna pa kukwama, na wauzaji wa mitambo hiyo hawapapendi. Antena iko mgongoni mwa ndege. Ndege ikipinduka, inatazama bahari. Umeme ukikatika, kila kitu hukatika. Ndege ya Swissair iliyowaka moto karibu na Halifax mwaka 1998 iliacha kunasa dakika 6 hivi kabla ya kugonga maji. Boeing ya Jeju Air iliyoteleza kwa tumbo na kugonga ukuta wa udongo na zege Muan, Korea Kusini, Desemba 29, 2024, ikaua watu 179 kati ya 181, ilikuwa na vinasa ambavyo havikuwa na dakika 4 za mwisho. Mfumo wa kurusha uliofungwa kwenye umeme uleule ungekufa nao. Pale kilichokosekana ni betri ndogo ya akiba ya kuendesha kinasa kwa dakika 10, kitu ambacho ndege mpya zinacho na ile, kwa umri wake, haikuwa nacho. Kwa hiyo kisanduku cha chungwa hakistaafu. Data zinazorushwa zinakuwa mwenziwe, tena mwenye kuwahi.

Na ziko ajali ambazo data hazizigusi kabisa. ATR 42 ya Precision Air ilipoingia Ziwa Victoria mbele ya uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022, kila mtu aliyekuwa ufukweni aliiona. Wavuvi waliifikia kwa mitumbwi. Kati ya watu 43 walikufa 19, na lililokosekana ni boti za uokoaji na wapiga mbizi wenye vifaa. Mamlaka yenye fedha ya jambo moja tu, pale Bukoba, ingepaswa kununua boti.

Kwa anga yetu ya Afrika Mashariki, basi, lipo la haraka zaidi kuliko mtiririko kamili wa data, nalo ni mahali. Juni 5, 2018, Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi na watu 10 iligonga milima ya Aberdare, na ilichukua siku mbili kuipata, ndani ya nchi, si katikati ya Atlantiki. Ndege za aina hiyo ndizo zinazobeba watalii Mara na Serengeti na wasafiri wa Zanzibar. Kwa uzito wake hazilazimiki kuwa na kinasa kikubwa cha data. Kifaa cha kufuatilia kwa setilaiti, chenye ukubwa wa simu, kinachotuma nafasi kila dakika au chini yake, kipo sokoni kwa bei ambayo mwenye ndege anaweza kuirudisha kwa safari chache.

Hata ndege kubwa kidogo zinaponyoka. ATR 72 inayofanya safari za ndani ina uzito wa juu wa kilo 23,000, chini ya mstari wa ICAO wa 27,000, na kwa hiyo sharti la kutuma mahali kila dakika halimhusu mwenye nayo hata akiinunua mpya leo. Dash 8 Q400 inauvuka mstari kwa tani mbili hivi, lakini sharti ni la ndege mpya tu, na nyingi za hizo hapa kwetu zimekuja zikiwa zimetumika. Viwango vya ICAO ni vya chini kabisa vinavyokubalika. Nchi inaruhusiwa kuweka vikali zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, mjini Entebbe, ambaye kazi yake ni kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Kushusha mstari huo hadi kwenye kila ndege inayouza tiketi kunahitaji marekebisho ya kanuni na muda wa mpito wa miaka miwili mitatu kwa wenye ndege ndogo. Data kamili za vinasa zinaweza kufuata kwa ndege mpya zinazoagizwa, mradi kifungu cha nani ashike ufunguo kiingizwe kwenye mkataba wa ununuzi kabla ya kutiwa saini, maana mtengenezaji akishaikabidhi ndege hana sababu ya kurudi mezani.